Mhariri, mwaka huu msitukoseshe tena masaa matano ya Le Mans

Mhariri,

Mimi ni msomaji wa gazeti lenu miaka mingi, kazi yangu ni kupitisha mizigo hapa bandarini Mombasa, na gazeti naanza kulisoma nyuma kama watu wengi, michezo kwanza halafu matangazo ya vifo halafu siasa nikipata nafasi. Naandika mapema hivi, Januari 2025 ndo kwanza imeanza, manake najua dawati la michezo saa hizi linapanga mwaka, nani ataenda wapi na ukurasa gani utakuwa wa nini, na nina ombi kabla hamjajaza kila kitu na ligi ya Uingereza. Msimu wa mbio za magari za masaa mengi, hizi za Le Mans, yale masaa 24 ya kule Ufaransa, na ndugu zake, mwaka huu mtupangie kama mnavyotupangia Safari Rally. Sisemi ukurasa mzima kila wiki. Kalenda tu, saa ziwe sawa, na mtu mmoja anayejua anachoandika.

Hizo saa nazitaja kwa sababu ziko na kisa chake.

Mwaka jana tarehe 15 Juni ilikuwa Le Mans, na gazeti moja, jina naliacha, likaandika mbio zinaanza "saa nne". Aliyeandika bila shaka aliona nne ya Kizungu kwenye intaneti akaibeba vile vile ilivyo. Sasa Mswahili ukimwambia saa nne kuna saa nne mbili tu, ya asubuhi na ya usiku, na asubuhi ilikuwa ishapita, basi sisi watu kama tisa tukapatana kukutana usiku pale kibanda cha kahawa Kibokoni, mmoja aje na laptopu, mwingine bando, mimi nikatoa za mahamri. Tumefika saa nne kasoro, tumefungua, magari yako barabarani zamani. Masaa matano yamepita! Nne ya jioni ya Ufaransa ni saa kumi na moja jioni kwetu, hesabu ya mtoto wa darasa la tatu. Tumekosa bendera, na bendera yenyewe alipeperusha Zidane, Zinedine Zidane mwenyewe, mtu ambaye hata mamangu anamjua kwa kile kichwa. Na huku Euro ya mpira imeanza jana yake, saa nne ile ile Italia wanaingia na Albania, kwa hivyo nusu ya wenzangu wakaniambia bwana wee hayo magari si yatazunguka mpaka kesho, wakahamia kwenye tivii ya ndani. Albania wakafunga sekunde ya 23 tu, kelele za humo ndani nazisikia hadi leo, nami niko nje na laptopu ya mtu naangalia gari likitiwa mafuta.

Waandishi wetu wanaona hizi mbio ni magari kuzunguka tu, ndo maana yanapata mistari miwili Jumatatu, Ferrari yashinda, mwisho. Sasa ile ya mwaka jana nani aliwaandikia? Ferrari nambari 50, imebaki kama masaa mawili, mlango wa kulia ukaanza kupepea, gari liko mbio za zaidi ya kilomita 300 kwa saa na mlango unapigapiga kama wa matatu ya zamani ya Likoni. Waamuzi wakalazimisha ije ndani ifungwe. Ikaja, fundi akaufunga, lakini kule kuja mapema kukavuruga hesabu yote ya mafuta, ikabidi Nicklas Nielsen amalize mwisho kwa kubania, kwenye mvua, akafika nishati imebaki asilimia 2, na Toyota nambari 7 iko nyuma yake sekunde 14 tu. Baada ya masaa 24! Mizunguko 311 ya kilomita 13 na nusu na kitu kila mmoja. Nikapiga hesabu ya kwetu ya bandarini, hizo ni kilomita kama 4,200, yaani lori litoke hapa liende Kampala na lirudi, halafu liende tena na liwe njiani kurudi, kwa siku moja, na kwenye masaa hayo usiku mvua ilipozidi walikaa zaidi ya masaa manne wakifuatana taratibu nyuma ya gari la usalama, lile linalotangulia kuwapunguza mwendo. Madereva watatu wanapokezana, mmoja analala mwingine anashika. Mtu wa malori hahitaji kufundishwa uzuri wa jambo kama hilo, anaujua.

Na msiniambie huku hakuna wapenzi wa mambo haya. Safari Rally ya zamani ilikuwa nini kama siyo hii? Wazee wetu hawakuangalia magari ya dakika kumi, miaka ya sabini Safari ilikuwa zaidi ya kilomita 5,000, siku kadhaa, usiku na mchana, tope na vumbi, gari linafika limebaki bodi na injini. Joginder Singh alichukua mara tatu, Shekhar Mehta mara tano, na ilikuwa wakati wa Pasaka, babangu alikuwa ananibeba begani twende tukasimame kando ya njia. Siku hizi Safari wenyewe wamepunguza, iko Naivasha, kilomita za kushindana mia tatu na kitu, nzuri bado, na Machi hii tarehe 20 hadi 23 najua mtatujazia kurasa na ni haki yake. Lakini ile roho ya kuona chombo kitafika au hakifiki, siku hizi iko kwa hawa watu wa masaa 24, na mwaka huu bahati ilivyo Jumapili ya Pasaka yenyewe, tarehe 20 Aprili, wako Imola, Italia. Mimi nilipoona nikasema haya, Pasaka imerudi mahali pake.

Sasa kalenda, manake nikilalamika bila kuwapa kitu mtasema huyu naye. Wenyewe wa ubingwa wa dunia wana mashindano nane mwaka huu na ukiyaangalia kwa macho ya mtu wa mizigo yanapendeza vile yalivyopangwa. Wanaanza Qatar, Lusail, Ijumaa tarehe 28 Februari. Mbona Ijumaa na siyo Jumapili? Kwa sababu Ramadhani inatarajiwa kuandama pale pale mwanzo wa Machi, ukiruka Ijumaa ile umeingia mfungo. Hilo lingeandikwa hapa Mombasa watu wangelisoma, lakini sijaliona popote kwa Kiswahili. Na mbio zenyewe zinaitwa za kilomita 1,812, nambari ya ajabu mpaka ujue sikukuu ya taifa ya Qatar ni tarehe 18 mwezi wa 12. Wanakwenda mpaka kilomita zitimie au masaa kumi yaishe, na wiki moja kabla, tarehe 21 na 22, wanafanya majaribio ya wote pale pale. Saa za Qatar na zetu ni moja, hata hesabu hakuna.

Halafu angalia pengo. Qatar Februari mwisho, Imola Aprili 20, wiki saba. Mtu anayetazama tu ataona wamelala. Mimi naona makontena. Mizigo ya mbio hizi mingi inasafiri baharini, magurudumu, vifaa vya gereji, mahema, majenereta, na meli haina haraka na mtu, kuna kupakia, kuna kusubiri, kuna forodha ya huku na ya huko, karatasi za kuingiza vitu kwa muda halafu kuvitoa vyote kama vilivyoingia, na bolti moja ikikosekana kwenye orodha umeshikwa. Nimefanya kazi hiyo miaka, na nilishawahi kushikiliwa kontena siku 11 kwa kosa la herufi moja kwenye namba ya muhuri, siku 11 za malipo ya kuegesha, mteja ananipigia saa kumi usiku kama mimi ndo niliyeiandika. Kwa hivyo nikisoma kalenda naanza na mapengo kabla sijaangalia tarehe. Baada ya Imola ni Spa, Ubelgiji, tarehe 10 Mei, hiyo ni barabara tu, malori. Le Mans 14 na 15 Juni, malori tena. Kisha São Paulo tarehe 13 Julai, wamepewa wiki nne kuvuka Atlantiki. Kutoka Brazil hadi Austin Texas tarehe 7 Septemba ni wiki nane, hapo hata meli mbovu inafika. Lakini Austin kwenda Fuji, Japani, tarehe 28 Septemba ni wiki tatu, na hapo mimi ningekuwa ndiye mpangaji nisingelala. Mwisho Bahrain tarehe 8 Novemba, masaa manane.

Na kwa saa zetu: Fuji wakianza saa tano asubuhi yao ni saa kumi na moja alfajiri kwetu, umesali umekunywa chai magari yanaondoka, mimi ndo naipenda kuliko zote. Austin ni usiku, ushasali Isha ushakula. Bahrain ni kama Qatar, saa yao ndo yetu, saa nane mchana mpaka saa nne usiku, na hapo saa nne ni saa nne ya kweli. Le Mans saa kumi na moja jioni Jumamosi mpaka saa kumi na moja jioni Jumapili. Andikeni hivyo, msiandike vingine.

Nje ya hizo nane kuna Daytona wiki chache tu zijazo, tarehe 25 Januari, masaa 24 ya Marekani, kwetu saa tatu na dakika arobaini usiku, na Sebring masaa 12 tarehe 15 Machi, wiki moja kabla ya Safari kwa hivyo hamna kisingizio kwamba waandishi wako Naivasha. Na Juni jamani. Juni ni mwezi wa kichaa. Le Mans tarehe 14 na 15, wikendi inayofuata masaa 24 ya Nürburgring, inayofuata tena masaa 24 ya Spa. Wikendi tatu mfululizo za masaa 24, na kuna madereva na mafundi wanaozunguka zote. Mke wangu nishamwambia, akasema mwezi huo atakwenda Lamu kwa dadake.

Kuna kugongana pia ambako mwandishi mzuri angekufukuzia mapema. Wikendi ya São Paulo, watu wa magari ya umeme, Formula E, wako Berlin, na kuna madereva wanaoendesha kote kuwili, Sébastien Buemi na Nyck de Vries wote wawili ni wa Toyota huku na timu nyingine kule. Mtu hawezi kuwa Berlin na Brazil Jumapili moja. Nani ataachia nani? Hiyo ni stori ya Januari, siyo ya Julai ukishasikia imeshaamuliwa.

Nije kwa timu, nifupishe. Magari 36 msimu mzima, nusu ni ya daraja la juu, nusu ni magari ya michezo ya kawaida kawaida kama yale unayaona kwenye mabango. Sheria mpya inataka kila kampuni ya daraja la juu ilete magari mawili, Lamborghini alikuwa na moja, ametoka. Aston Martin anaingia na Valkyrie, injini ya V12, yaani silinda 12, ya lita 6.5, haina betri wala mota ya umeme, wenzake kama Toyota na Ferrari wote wana umeme ndani. Aston kushinda Le Mans yote kwa jumla ni 1959 mara moja, toka hapo hakuna, na wengi wanasema atateseka mwaka wa kwanza, nami nakubaliana nao ila nitamfungulia sauti kwa sababu ya mlio. Cadillac wamechukuliwa na timu ya Jota waliokuwa na magari ya Porsche, hao mimi nawaona watasumbua. Toyota mwaka jana walichukua ubingwa wa makampuni kwa pointi mbili tu mbele ya Porsche, mbio za mwisho Bahrain, na wa madereva ukaenda kwa Porsche nambari 6, Estre na Lotterer na Vanthoor. Ferrari wana Le Mans mbili mfululizo, 2023 na 2024. Hapa mtaani karibu kila mtu anaendesha Toyota ya kutoka Japani, ilopitia mikononi mwangu mingine, kwa hivyo mjue ukurasa wenu utapata wasomaji wapi.

Lakini anayepaswa kupata picha kubwa kwenu ni yule Momani. Ahmad Al Harthy, wa Muscat. Mwaka jana alikuwa BMW nambari 46 pamoja na Maxime Martin na Valentino Rossi, ndiyo, Rossi wa pikipiki, na mwaka huu yuko tena na Rossi gari hilo hilo. Mwaka jana Imola walimaliza wa pili darajani mwao. Le Mans walikuwa wako mbele, usiku na unyevu gari likapata ajali wakaishia hapo, mwaka uliotangulia alikuwa wa pili pale pale na Aston Martin. Sasa ukitaja Al Harthy hapa Mji wa Kale, au Unguja, kila mzee anakuuliza ni wa wapi huyo, mtoto wa nani, wa tumbo gani. Mzee mmoja pale kibandani alinishikilia nusu saa anapanga ukoo, mara huyu babu yake na wa Pemba lazima walikuwa ndugu, mimi sijui na sitaki kuingia humo, lakini nilichoona ni kwamba toka siku hiyo mzee anauliza, "Kijana wetu lini anatoka tena?" Huyo ni msomaji mliyepata bure. Na kuna sheria nzuri kwenye daraja lao ya kuelezewa watu, kila gari lazima liwe na dereva mmoja wa ngazi ya shaba, ambaye siyo wa kulipwa kama hawa wakubwa, wengi wana biashara zao nyumbani, na mara nyingi yeye ndo anaamua mbio kwa sababu wale wengine wote ni wakali sawa. Al Harthy ndo wa shaba pale. Rossi bingwa wa dunia mara tisa wa pikipiki anamsubiri yeye amletee gari zima.

Hata mafuta yana stori. Petroli yao wote inatengenezwa kwa mabaki ya viwanda vya mvinyo vya Ufaransa, yale makapi ya zabibu. Nilipowaambia kibandani mzee yule yule akanyamaza kidogo akauliza, gari hilo likikurushia moshi unatia udhu upya ama vipi. Hatujapata jibu.

Kwa hivyo ombi langu ni hili tu mhariri. Sasa hivi kabla ya Daytona chapeni kalenda moja ndogo, saa za Kiswahili, watu waikate waibandike, gereji zote za Mwembe Tayari zitaibandika nawahakikishia. Mpeni kijana mmoja wa dawati kazi hiyo mwaka mzima, siyo kumrukia yeyote aliye zamu Jumapili. Kama hakuna anayejua, mimi niko tayari kumuelekeza bure kwenye simu, isipokuwa siku za meli. Na kama nafasi ni ya Le Mans peke yake basi iwe Alhamisi, siyo Jumatatu baada ya mambo kuisha, mwambieni mtu aangalie nini, aamke saa ngapi, ni wakati gani wa kulala bila kukosa kitu (mimi nasema saa tisa usiku hadi alfajiri, lakini mwaka jana kama hukuwa macho alfajiri hukukosa kitu kweli, walikuwa wanafuata gari la usalama).

Mwenye kibanda naye nimeshazungumza naye, mwaka huu hakuna Euro Juni, amekubali tivii ya ndani iwe yetu kuanzia tarehe 14, ameniuliza aje kufungua saa ngapi, nikamwambia ngoja kwanza nione gazeti litaandika nini.

Wenu,
Mpitisha mizigo,
Kibokoni, Mombasa